Majirani, mitaa na mahali katika makala za redio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Makala ya redio kuhusu mtaa ni kitu gani hasa?

Ni kipindi kilichorekodiwa mahali penyewe, kikahaririwa na kupangwa kwa utulivu, ili msikilizaji akae na watu wa mahali hapo kwa muda wa kutosha kujua wanaishije wao kwa wao. Mwandishi wa habari huenda mtaani pakitokea jambo, kama vile moto, mafuriko, bomoabomoa au ugeni wa waziri. Mtayarishaji wa makala huenda hata siku ambayo hakuna lililotokea, kwa kuwa siku kama hiyo ndiyo inayoonyesha nani humwachia nani ufunguo wa nyumba, nani huwa wa kwanza kufika msibani, na nani hajasalimiana na jirani yake tangu walipogombania mpaka wa kiwanja. Ukimaliza kusikiliza makala nzuri, unaujua mtaa huo kiasi kwamba ukipita pale kesho ungetaka kusimama na kusalimia.

Kwa nini redio, wakati kila mtu ana simu yenye kamera?

Mtu akiiona kamera hurekebisha kanga, hunyoosha shati na kuanza kusema kama anayehutubia mkutano. Kinasa sauti kidogo husahaulika mapema, hasa mwenyewe akiwa na kazi mkononi: anachambua mchele, anaziba pancha au anasuka. Tena sauti peke yake humficha mtu anayehitaji kufichwa, awe mjane anayedaiwa kodi au kijana aliyeacha kundi la wahalifu, bila kumnyang'anya utu wake, kwa kuwa pumzi, kusita na kicheko chake vyote vinabaki. Na redio bado inafika jikoni, dukani, shambani na ndani ya daladala, mahali ambapo macho ya watu yana shughuli nyingine.

Aina hii ya utangazaji ilianzia wapi?

Haina mwanzo mmoja, lakini kuna hatua chache ambazo kila mtayarishaji anafaa azijue. Katika miaka ya 1930, Olive Shapley wa BBC mjini Manchester alizunguka kaskazini mwa Uingereza na gari kubwa la kurekodia, akinasa maneno ya watu wa kawaida mahali walipoishi na kufanya kazi, wakati ambapo desturi ya redio ilikuwa mtu kusoma karatasi iliyoandaliwa studio. Mwaka 1958 BBC ilirusha kipindi kuhusu John Axon, dereva wa treni aliyekufa mwaka uliotangulia akijaribu kuizuia treni yake isiyokuwa na breki. Watayarishaji wake, Charles Parker, Ewan MacColl na Peggy Seeger, waliziweka hewani sauti za wafanyakazi wa reli wenyewe, pamoja na nyimbo, badala ya kuwapa waigizaji maneno yao wayasome. Huko Kanada mwaka 1967, mpiga piano Glenn Gould alitengeneza kwa ajili ya shirika la CBC kipindi kuhusu kaskazini ya nchi yake, ambamo sauti za wasemaji zinapandana, mmoja akiendelea chini ya mwingine, na mlio wa treni ukiwa chini ya wote.

Kipindi cha Gould ni kizuri sana, lakini simshauri anayeanza akiige. Msikilizaji wa kwetu mara nyingi anasikiliza kwa spika ndogo ya simu penye kelele, na wasemaji wawili kwa wakati mmoja atawapoteza wote wawili.

Ni makala gani moja ambayo anayeanza anapaswa kuisikiliza?

Ningemwambia asikilize ile iliyotengenezwa Chicago mwaka 1993 na wavulana wawili, LeAlan Jones aliyekuwa na miaka 13 na Lloyd Newman aliyekuwa na miaka 14, wakisimamiwa na mtayarishaji David Isay. Jina lake ni Ghetto Life 101. Wavulana hao waliishi ndani na kando ya Ida B. Wells, mkusanyiko wa nyumba za umma kusini mwa jiji hilo uliofunguliwa mwaka 1941. Walipewa vinasa sauti, wakatembea navyo kwa siku kumi: nyumbani, shuleni, ndani ya basi, kwa jamaa na kwa majirani. LeAlan alimhoji hata bibi yake mwenyewe.

Kinachoifanya makala hiyo isimame mpaka leo ni kwamba maswali yake yanatoka kwa mtu ambaye jibu linamhusu. Mwandishi mgeni angeuliza uhalifu umeongezeka kwa kiasi gani. Mtoto wa pale anamuuliza mkubwa wake kwa nini baba hayupo, naye mkubwa hawezi kulikwepa swali hilo kwa jibu la mkutanoni. Miaka mitatu baadaye, 1996, wawili hao walirudi na makala ya pili kuhusu mtoto wa miaka mitano aliyeangushwa kutoka ghorofa ya 14 na wavulana wawili wa miaka 10 na 11 katika nyumba hizo hizo. Walizungumza na watu wa pande zote za msiba ule, na kazi yao ikapata tuzo ya Peabody.

Jambo la mwisho kuhusu Ida B. Wells linatugusa sisi sote tunaorekodi mitaa. Ubomoaji wa majengo yake ulianza mwaka 2002 na kumalizika mwaka 2011. Milango, ngazi na korido zinazosikika katika makala zile hazipo tena, na aliyezaliwa baada ya hapo akitaka kujua maisha ya pale yalisikikaje, itambidi asikilize kanda za watoto wawili. Isay naye aliendelea na njia hiyo: mwaka 2003 alianzisha StoryCorps katika stesheni ya Grand Central jijini New York, mradi ambao watu wawili wanaofahamiana huketi kwa dakika 40 wakihojiana, na mazungumzo yao, wakiridhia, huhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Je, redio haiwezi kuwagombanisha majirani badala ya kuwakutanisha?

Inaweza, na ukanda wetu unalijua hilo kuliko karibu sehemu nyingine yoyote duniani. Kituo cha RTLM kilianza kusikika Rwanda mwezi Julai 1993, kikiwa na muziki wa kuvutia na lugha ya mtaani. Wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 kilitangaza majina ya watu na mahali walipojificha, wakawindwa, mara nyingi na watu waliokuwa wakichota nao maji mahali pamoja. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa na makao yake Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa kituo hicho, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza. Kila anayeshika kipaza sauti kuzungumzia majirani anapaswa kuibeba historia hiyo kichwani. Kutaja jina, kabila na nyumba ya mtu hewani ni jambo zito, hata wakati wa amani.

Lakini jirani wa Rwanda, nchi ya Burundi, inatupa upande wa pili. Mwaka 1995, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Studio Ijambo ilianzishwa Bujumbura na shirika la Search for Common Ground, ikaajiri waandishi Wahutu na Watutsi wafanye kazi pamoja. Kuanzia 1997 ilitoa mchezo wa redio wa Kirundi wenye jina linalosema kwamba jirani ndiye ndugu, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri na kusikilizwa kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu, kilichokuwa na uzito zaidi ni kipindi chao cha Inkingi y'ubuntu, kilichokusanya masimulizi ya kweli ya watu waliohatarisha maisha yao ili kuwaokoa wenzao wa kabila lingine.

Fikiria ugumu wa kazi ile. Aliyemficha jirani yake alikuwa akiitwa msaliti na watu wa upande wake, kwa hiyo alikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza; na aliyeokolewa alikuwa na majeraha ambayo hakutaka kuyafungua. Mtayarishaji alilazimika kuwapata wote wawili, kulinganisha maelezo yao na kuamua kipi kingesikika bila kumletea mtu balaa. Masimulizi hayo yalimpa msikilizaji ushahidi kwamba katika kilima chake mwenyewe, yaani kijijini kwake, siku ile ile ya mauaji, wapo walioamua vinginevyo. Mahubiri ya jumla kuhusu amani yasingeweza kufanya kazi hiyo.

Redio jamii zina nafasi gani katika haya?

Ni kubwa, kwa sababu redio jamii yenyewe ni mkazi wa mtaa. Koch FM ilianzishwa na vijana wa Korogocho, Nairobi, mwaka 2006, na studio yake ilikuwa ndani ya kontena. Pamoja FM ya Kibera ilifuata mwaka 2007, na katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba mwaka huo ilitumia sauti zilizofahamika mtaani kuwasihi wakazi wasidhuriane. Vituo hivyo viwili vimekuwa vikirusha kwenye masafa yale yale ya 99.9, kila kimoja kwa nguvu ndogo isiyofika mbali. Masafa ni yale yale, lakini Kibera utasikia habari za Kibera na Korogocho utasikia za Korogocho. Huko Nthongoni, Makueni, vikundi vya wanawake vilianzisha redio ya Mang'elete, iliyoanza kusikika mwaka 2004.

Udhaifu wake ni kwamba vituo hivi vinategemea watu wa kujitolea na wafadhili, na makala ni kazi ya muda mrefu, hivyo muda wa hewani huishia kujazwa na muziki na salamu. Ushauri wangu kwa wasimamizi ni kutoa makala moja fupi kwa mwezi iliyofanyiwa kazi vizuri, na kuirudia, badala ya kuahidi kipindi cha kila wiki kitakachokufa baada ya muda mfupi.

Nianzie wapi katika mtaa wangu?

Anza na swali dogo linaloweza kujibiwa kwa kusikiliza. “Maisha ya Kibera” au “Historia ya Tandale” ni mada za vitabu. Swali zuri ni kama hili: Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 zilizokuwa zikiishi katika nyumba za chini zilihamishwa, nyumba hizo zikabomolewa, na maghorofa mapya yakazinduliwa Machi 2022. Majirani waliokuwa wakionana uani, sasa wanakutana wapi? Unaweza kuuliza swali la namna hiyo hata Michenzani, Zanzibar, ambako mabloki yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yaliwapandisha ghorofani watu waliozoea baraza za mlangoni. Swali la aina hiyo linakupeleka kwenye ngazi, kwenye kamba za kuanikia nguo, kwenye misiba na mahali maturubai yanapofungwa, na kila mahali pana sauti yake.

Kabla ya kurekodi chochote, pita ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe, au kwa chifu ikiwa uko Kenya, ujitambulishe. Kibali cha mwenyekiti, hata hivyo, hakitoshi kuingilia uani kwa mtu. Huko unaingia kwa hodi, kwa shikamoo, na kwa kukaa bila kinasa sauti mpaka wenyeji waamue wewe ni nani. Waite watu kwa majina ambayo mtaa unawaita, yaani Mama Fulani, Mzee Fulani au Mwalimu, kwa sababu jina la kwenye kitambulisho mara nyingi halijulikani nyumba ya tatu.

Ni lazima niwe mkazi wa mahali hapo?

Hapana. Mkazi anajua mlango gani wa kubisha, lakini pia ana madeni, undugu na chuki za pale, na yako mambo ambayo watu watamwambia mgeni kwa sababu ataondoka. Mpango unaofaa zaidi ni wa wawili, mmoja wa pale na mmoja wa nje, wakigawana maswali na kusahihishana wakati wa kuhariri. Wote wawili watajwe kuwa watayarishaji. Kumwita mkazi “mwenyeji wetu” au “mkalimani” wakati nusu ya kazi ni yake ni kumdhulumu.

Ninahitaji vifaa gani?

Kinasa sauti kidogo, hedifoni za kufunika masikio, sifongo ya kuzuia upepo na betri za akiba. Simu nzuri inaweza kutosha ukiongeza kipaza sauti cha nje na kuizima mtandao ili isiite katikati ya mazungumzo. Rekodi kwa mfumo wa WAV, ukiacha nafasi ya kutosha juu ya kipimo cha sauti ili kicheko cha ghafla kisipasue rekodi. Shika kipaza sauti kama shibiri moja kutoka mdomoni mwa msemaji, kidogo pembeni, na usimpe akishike yeye. Audacity hupatikana bure na inatosha kwa kuhariri.

Sauti za mazingira ni zipi, na kwa nini zinasisitizwa sana?

Ni kila kinachosikika mahali hapo mbali na mahojiano. Wengi huzirekodi mwishoni, dakika moja ya kelele za barabarani, wakazitandaza chini ya maneno kama zulia. Hiyo ni hasara, kwa kuwa sauti hizo zina habari ndani yake.

Chukua bomba la uani. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam maji huja kwa zamu, na nyumba ya wapangaji wengi huwa na bomba moja. Mama mmoja alikuwa akinieleza habari za mpangaji aliyehama bila kuaga, ndoo zikiwa zimepangwa foleni ukutani, ndipo bomba likaanza kukohoa. Ilitangulia hewa, mlio mkavu unaokatikakatika, yakafuata matone yanayogonga tako la ndoo tupu, kisha mkondo ambao sauti yake ilipanda kadiri ndoo ilivyojaa. Mama aliacha sentensi yake ikining'inia, akawaita wapangaji wenzake kwa majina kufuata mpangilio wa ndoo zao. Komeo zikafunguliwa, malapa yakaburuzwa sakafuni, mtu akauliza ndoo ya buluu ni ya nani, na mama akajibu kabla mwenye ndoo hajatoka. Kwa muda usiotimia nusu dakika msikilizaji amekwisha kuelewa watu hawa wanategemeana kwa kiasi gani, na kwa nini mtu kuhama bila kuaga kuliwauma. Hakuna msimulizi anayeweza kuyaandika hayo kwa ufupi huo.

Kwa hiyo usizime kinasa sauti mazungumzo yakikatizwa. Mwito wa adhana, konda anayetaja vituo, muuza kahawa anayegonganisha vikombe, mvua ya ghafla juu ya bati: viache vije, kisha msubiri msemaji arudi mwenyewe kwenye habari yake. Na kabla ya kuondoka kila mahali, rekodi dakika nzima bila mtu kusema. Utaihitaji wakati wa kuunganisha vipande.

Ridhaa inaombwaje?

Mara mbili. Kwanza kabla ya kurekodi, kwa maneno yaliyo wazi na yanayobaki kwenye rekodi: mimi ni nani, kipindi ni cha nani, kitasikika wapi, na kwamba kikiwekwa mtandaoni kitaweza kusikilizwa na yeyote, popote. Mara ya pili ni baada ya kuhariri, kwa yeyote aliyesema jambo linaloweza kumletea matatizo na mume, mwenye nyumba, mwajiri au majirani. Msikilizishe kipande chake, na akisema kiondolewe, kiondoe. Sauti ya mtu inayoweza kumtambulisha ni taarifa binafsi, na nchi zetu zina sheria juu yake, Kenya tangu 2019 na Tanzania kwa sheria ya 2022. Lakini hata pasingekuwa na sheria, wewe utarudi mjini na yeye atabaki kuchota maji pale pale. Umbea kuhusu mtu wa tatu asiyekuwepo usirushwe, hata ukiwa mtamu kiasi gani.

Wakazi wakisimulia historia zinazopingana, nifuate ipi?

Usifuate moja na kuzika nyingine. Kibera ni mfano mzuri. Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari katika jeshi la wakoloni wa Kiingereza, wanaieleza Kibera kama ardhi waliyokaa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwapa hatimiliki ya ekari 288. Jirani yao aliyehamia kutoka magharibi mwa nchi, akapanga chumba, akazaa na kusomesha hapo, naye anaita mahali hapo kwao. Makala iliyo makini inawasikilizisha wote wawili kwa kirefu, na msimulizi anasema waziwazi yale yaliyo kwenye kumbukumbu za serikali: mwaka, ukubwa wa eneo, nani alipewa. Madai yanayoweza kuthibitishwa yathibitishwe. Kumbukumbu za mtu za jinsi alivyoishi ziachwe kama alivyozisema, zikijulikana kuwa ni zake.

Kiswahili gani kitumike?

Kile wanachozungumza. Mvita, Unguja, Nairobi na Lubumbashi hawasemi namna moja, na kumsahihisha mzee wa Lamu ili afanane na mtangazaji ni kuifuta nusu ya mahali pake. Msemaji akitumia lugha ya kwao, acha sauti yake isikike kwa sekunde kadhaa kabla ya tafsiri kuingia, na uiache tena mwishoni. Msomaji wa tafsiri awe wa jinsia na umri unaokaribiana na wa msemaji, na asiigize kilio.

Muziki uwekwe?

Kidogo, na hasa ule unaotoka mahali penyewe, kama redio ya kinyozi, kwaya inayofanya mazoezi au ngoma ya harusi. Muziki wa huzuni uliopakuliwa mtandaoni humwagiza msikilizaji alie, wakati maneno ya msemaji yalikuwa yakijitosheleza.

Makala iwe na urefu gani?

Dakika 10 hadi 15 kwa kazi ya kwanza. Nusu saa inahitaji angalau watu watatu wanaojulikana vizuri na mabadiliko fulani yanayotokea kati ya mwanzo na mwisho.

Baada ya kurushwa, kazi imekwisha?

Bado yapo mawili. La kwanza ni kuirudisha makala kwa wenyewe: tafuta spika, uombe uwanja wa mtaa au baraza la kahawa, watu waisikilize pamoja na wakuulize maswali. Wapo watakaolalamika kwamba hawakusikika, na mara nyingi malalamiko hayo ndiyo mwanzo wa makala inayofuata.

La pili ni kuhifadhi. Weka rekodi kamili ambazo hazijahaririwa, pamoja na makala yenyewe, katika nakala tatu, mojawapo ikiwa nje ya nyumba au ofisi yako. Kila faili lipewe jina lenye tarehe, mtaa na msemaji, na liandamane na maelezo mafupi ya maandishi: ilirekodiwa wapi hasa, nani alikuwepo, mhusika aliridhia nini na alikataa nini. Kituo chako kikikubali, peleka nakala katika maktaba ya mkoa au chuo kilicho karibu, na umpe kila aliyerekodiwa nakala yake kwenye simu au kadi ya kumbukumbu, bila malipo.